Nikitoka na kamera Dar, picha zote zinafanana: nifanye nini?

Msomaji wetu, kijana wa miaka 26 anayeishi Kigamboni, ameandika hivi:

"Shikamoo mwalimu. Nina kamera niliyoinunua kwa mtu ikiwa imeshatumika, na lenzi yake ni ile ya milimita 18-55. Mwaka wa pili huu kila Jumamosi natoka nayo: Feri, Posta, Kariakoo, Coco Beach, siku nyingine nafika hadi Kunduchi. Jioni narudi na picha mia nne na zote zinafanana: mashua, machweo, mashua, machweo. Watu nikiwapiga wanatoka weusi, sura hazionekani. Feri wananifokea. Nimeweka akiba ninunue lenzi ndefu ili nipige kwa mbali bila kumsumbua mtu. Je, ninunue? Nimekutumia picha tatu, naomba uniambie ukweli."

Marahaba, kijana wangu. Usinunue. Hiyo akiba iache ilipo, na nitakueleza kwa kirefu sababu zake, maana barua yako ina maswali manne ndani ya moja, na hilo la lenzi ndilo dogo kuliko yote.

Tuanze nalo ili tulimalize. Lenzi ndefu humvuta mtu aonekane karibu, lakini wewe inakuacha palepale uliposimama, na picha huwa inaonyesha hivyo. Mvuvi aliyepigwa kutoka hatua arobaini anaonekana amebanwa bapa na vilivyo nyuma yake, na macho yake hayana habari na wewe. Halafu kuna jambo la hewa yetu. Kuanzia kama saa nne asubuhi, mchanga na maji vikishapata moto, hewa iliyo juu yake hutetemeka, na kadiri lenzi ilivyo ndefu ndivyo inavyouokota mtetemo huo. Picha inalegea, nawe unadhani umekosea fokasi. Hiyo 18-55 yako ukiiweka kwenye 35 inaona takriban kama jicho linavyoona. Chukua kipande cha solotepu, ifunge pete ya zumu hapo kwenye 35, na uiache hivyo miezi mitatu. Ukitaka kitu kiwe kikubwa kwenye picha, kifuate kwa miguu.

Sasa nije kwenye ugonjwa wenyewe. Umenitajia sehemu tano, na naona siku nyingine unazimaliza zote kwa Jumamosi moja. Hapo ndipo picha zako zinapofanana. Sehemu unayofika mara moja inakuonyesha kile inachomwonyesha kila mpita njia, na kwa mji wa pwani kile cha kila mpita njia ni mashua na machweo. Siku ya kwanza pale Soko la Samaki Feri unaona vyombo na watu wengi, basi. Siku ya tano unaanza kumtambua dada mwenye beseni jekundu anayewahi kabla ya mnada kuchangamka. Siku ya kumi unajua kwamba kule wanakokaangia samaki, asubuhi jua likiwa bado chini, mwanga unaingia kwa ubavu chini ya paa na kuukata moshi wa makarai vipande vipande, kisha baada ya muda mfupi unapanda na kupotea. Ile ni picha ambayo huwezi kuikuta kwa bahati. Utaikuta kwa sababu jana na juzi ulikuwepo.

Kwa hiyo chagua njia moja. Kwako wewe iko mlangoni: kutoka nyumbani hadi kivukoni, uvuke hadi Magogoni, upite sokoni, ushike Barabara ya Kivukoni ukiwa na bandari mkono wa kushoto hadi kanisa la Azania Front, kisha ukunje kuingia Posta. Ukienda taratibu ni kama nusu saa ya miguu. Nimeipita njia hiyo miaka mingi na hadi leo haijaniishia. Kanisa lile Wajerumani walilimaliza mwaka 1902. Ukiendelea mbele kidogo kuna kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, la miaka hiyohiyo, na jirani yake Boma la Kale la enzi za Sultani Majid wa Zanzibar, miaka ya 1860, wakati Dar yenyewe ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kujengwa kando ya kijiji cha Mzizima. Nyuma ya vyote hivyo yamesimama maghorofa ya vioo. Umri wote wa mji uko kwenye njia moja ya nusu saa, wewe unakimbilia Kunduchi kutafuta nini?

Na punguza idadi. Sisi tuliojifunza kwa filamu tulikuwa na picha 36 kwenye mkanda mmoja, na mkanda ulikuwa pesa, na kuusafisha pia ni pesa. Mtu alisimama, akatazama, akangoja. Jipe 36 kwa Jumamosi nzima. Zikiisha, weka kamera mfukoni uendelee kutembea. Utaumia wiki ya kwanza kwa sababu jambo zuri kuliko yote litatokea baada ya picha ya 36. Litazame tu. Jumamosi inayofuata utalingoja likiwa njiani.

Usidhani kwamba vifaa vidogo ni vya watu wadogo. Mohamed Amin, ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliitikisa dunia, alikulia hapahapa Dar, na kamera yake ya kwanza ilikuwa kisanduku cha Box Brownie, kisicho na zumu wala cha kurekebisha kitu. Alipoanzisha kampuni yake ya picha, Camerapix, mjini hapa mwaka 1963 alikuwa kijana wa miaka 20 hivi, mdogo kuliko wewe.

Tuje kwenye jua, maana nahisi hakuna aliyekuambia jambo hili wazi. Pwani ya Dar inatazama mashariki. Jua letu linatoka baharini na kuzama nchi kavu. Ukisimama Coco Beach saa 12 jioni ukiitazama bahari, jua liko mgongoni kwako, nyuma ya nyumba za Oysterbay. Unachopiga ni wekundu hafifu uliobaki upande wa pili wa mbingu, ndiyo maana picha zako za pale zimepooza. Anayetaka kuona jua likigusa maji na aende upande wa magharibi wa rasi ya Msasani, kule kunakotazama ghuba. Lakini wewe una kitu kizuri zaidi. Simama ufukweni ng'ambo yako ya Kigamboni, kando kabisa na gati, uangalie mjini. Alfajiri jua linakutokea mgongoni na kuupaka mji mzima rangi usoni, ghorofa moja baada ya jingine kuanzia juu kushuka. Jioni jua hilohilo linashuka nyuma ya mji, na kila mtumbwi unaopita mlangoni mwa bandari unakuwa umbo jeusi juu ya dhahabu. Na halizami mahali pamoja mwaka mzima: mwezi Juni linaelekea upande wa majengo ya Posta, Desemba limehama hadi upande wa bandari. Ukipiga picha moja kila mwezi kutoka kwenye jiwe lilelile, mwisho wa mwaka una kumi na mbili ambazo hakuna mwingine anazo.

Saa zenyewe ni chache kuliko unavyofikiri. Tuko karibu na Ikweta, jua linapanda karibu wima, halijivuti pembeni kama kwa Wazungu. Hapa Dar huwahi zaidi kuchomoza mwezi Novemba, dakika chache kabla ya saa 12 asubuhi, na huchelewa zaidi Julai, kama saa 12:35. Tangu linapochomoza una dakika 40 hadi 60 za mwanga laini, basi. Baada ya hapo vivuli vya machoni vinaanza kukaza. Mwanzoni mwa Machi, na tena karibu na tarehe 10 Oktoba, jua la adhuhuri hupita utosini kabisa, mtu anasimama juu ya kivuli chake mwenyewe. Siku hizo usimpige mtu sura juani saa sita mchana, utamtia mashimo meusi mahali pa macho. Mchana ni wakati wa kuta na vibaraza. Nenda Kisutu, Mtaa wa India, Mtaa wa Jamhuri, ukatafute zile nyumba za zamani za Wahindi zenye jina na mwaka wa kujengwa vilivyochongwa juu ya ukumbi. Zinavunjwa kila mwaka kupisha maghorofa. Hizi nakuomba uzipige hata kama picha si nzuri: piga uso mzima wa nyumba, piga mlango, piga yale maandishi, na uandike tarehe na mtaa. Nina picha za nyumba za mtaa mmoja ambazo leo hata moja haijasimama, na watu waliozaliwa humo wamekuja kwangu kuomba nakala.

Sasa maji. Hili kila mvuvi analijua, na wapiga picha wengi wa mjini hawalijui, ndiyo maana wanafika ufukweni na kukuta bahari imewakimbia. Bahari yetu ina ratiba, na ratiba yake ni mwezi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, ndiyo siku za bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana, tofauti ya zaidi ya mita 3. Siku hizo hapa Dar maji hujaa karibu saa kumi, ya alfajiri na ya alasiri, na hupwa karibu saa nne, ya asubuhi na ya usiku. Kila siku inayofuata yanachelewa kama dakika 50. Baada ya wiki moja yamekuwa maji mafu, yanasogea kidogo tu, na saa zake zimegeuka: yanajaa mnamo saa nne na kupwa mnamo saa kumi.

Fikiria maana yake kwako. Ufukwe mtupu kabisa, ule wa wanawake wanaochokoa pweza mbali kule kwenye miamba, unaupata siku za bamvua mnamo saa nne asubuhi, jua likiwa tayari kali. Basi usipige upeo wa bahari, inama upige chini: madimbwi, nyayo, mikunjo ya mchanga, mkono na kile chuma cha kuchokolea. Na jioni ya bamvua maji yalijaa saa kumi, kwa hiyo saa 12 yanarudi nyuma na kuuacha mchanga mbichi unaong'aa kama kioo. Mtu akipita juu yake unampata mara mbili, yeye na taswira yake miguuni. Huhitaji jedwali lolote kwa hayo, tazama tu mwezi usiku, au muulize yeyote pale kijiweni kwa wavuvi leo mwezi tarehe ngapi. Sokoni nako mwezi huohuo ndio unaotawala. Dagaa huvuliwa kwa taa siku za giza, kukiwa na mbalamwezi hawaufuati mwanga wa taa. Ukitaka asubuhi yenye vurugu za dagaa Feri, usiende wiki ya mwezi mpevu.

Swali lako la ngozi ndilo lililonigusa zaidi, kwa sababu umeliandika kama vile kosa ni la watu. Ngozi yetu haina kosa. Kamera inapima mwanga wa kila kilichomo kwenye fremu, inachukua wastani, na kuusukuma uwe kijivu cha katikati. Nyuma ya mtu wako kuna mbingu, bahari na mchanga mweupe. Kamera inaona mwanga mwingi mno, inabana, na anayeumia ni mtu. Kwa hiyo mwambie wewe. Kuna kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, cha kuongeza au kupunguza mwanga wa picha. Mtu akiwa na bahari nyuma yake, panda hadi +1, hata +1.5, mbingu iungue ikitaka kuungua, hukuja kupiga mbingu. Na kinyume chake kipo, watu hawakisemi: mtu mweusi mbele ya ukuta mweusi, au ndani ya banda lenye giza, kamera inajaza mwanga kupita kiasi na kumgeuza awe rangi ya majivu. Hapo teremka, nusu au hata moja kamili, hadi weusi wake urudi kuwa weusi wenye joto.

Kuliko kitufe, jifunze kumweka mtu. Tafuta ukingo wa kivuli. Chukua mti mmoja wa mkungu ufukweni, wenye kivuli kipana, na mchanga mweupe unaowaka jua hatua mbili mbele yake. Mkalishe mzee ndani ya kivuli, ukingoni kabisa, akitazama nje kwenye mchanga. Ule mchanga unaurudisha mwanga juu usoni kwake, unaingia chini ya kofia, unajaza macho. Utaona kwenye kipaji cha uso na juu ya mashavu kuna mng'ao mwembamba, unafuata mfupa, unaonyesha kila mkunjo wa umri wake bila kumwonea. Ngozi nyeusi inabeba mwanga namna hiyo vizuri kuliko ngozi yoyote niliyowahi kupiga. Kanzu nyeupe ya mtu wa pembeni inafanya kazi hiyohiyo, na ukuta uliopakwa chokaa pia. Halafu ukifika nyumbani, nakusihi, usimweupishe mtu kwenye simu. Hizo programu zenye kitufe cha kung'arisha uso zinafuta kile ulichoamka alfajiri kukifuata.

Feri wanakufokea. Nikuambie kilichonipata pale nikiwa kijana kama wewe. Kulikuwa na mama akikaanga samaki, mvuke unapanda, mwanga umemkaa vizuri ajabu. Nikampiga tatu za harakaharaka na kugeuka kama sikufanya kitu. Alivuta upande wa kanga akafunika uso, akanipa mgongo, na wenzake wote wakanyamaza. Muuza kahawa mmoja wa makamo akanivuta pembeni, akaniambia kwa upole kabisa: "Umeingia nyumbani kwa mtu bila hodi." Picha zile sikuzisafisha. Wiki iliyofuata nilikwenda bila kamera, nikamwamkia, nikala pale samaki changu na ugali. Wiki ya pili vilevile. Ya tatu yeye ndiye aliyeuliza, "Leo tena hujaja na mashine yako?" Miaka mingi baadaye picha yake ilikuwa ukutani kwake, kwenye fremu, na nyingine ukutani kwangu.

Watu wa Feri wamepigwa picha na wapita njia miaka na miaka na hawajawahi kuziona. Wewe uwe yule anayezirudisha. Kila mwezi chagua nne au tano, zisafishe saizi ya kadi, uwapelekee wenyewe. Mpe aliyemo, usimpe jirani yake. Nakuhakikishia baada ya mara ya pili utaitwa kwa jina, na utashindwa kuwamaliza wanaotaka kupigwa. Mwanzoni watakupozia, wamesimama wima, mikono kiunoni. Piga hizo pozi kwa heshima zote, ndizo wanazozitaka wao. Kisha kaa. Wakishapata yao watarudi kwenye kazi na kukusahau, na hapo ndipo pa kwako.

Anayekataa, amekataa; sema samahani, teremsha kamera, endelea na salamu. Watoto, muulize mzazi au mkubwa aliye nao. Tangu ilipokuja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, picha ya mtu anayetambulika si jambo la kuchezea, hasa ukitaka kuiuza au kuitumia kwenye tangazo. Hapo pata idhini yake kwa maandishi. Na njia hii niliyokupangia ina sehemu za kuweka kamera mfukoni kabisa. Ikulu iko jirani na soko, usiielekezee lenzi hata kwa bahati mbaya. Ukiwa ndani ya kivuko na kwenye gati zake, funga begi. Mitambo ya bandari, askari, vituo vya polisi, kambi za jeshi, yote hayo achana nayo. Mlinzi akikuambia usipige, usibishane naye sheria. Mwamkie, mwonyeshe ulichopiga ukiombwa, uondoke. Na alfajiri fukwe zikiwa tupu usitembee peke yako na kamera shingoni. Nenda na mwenzako.

Chumvi na unyevu nitavipitia haraka. Ukitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi, acha kamera ndani ya begi nusu saa kabla ya kuifungua nje, la sivyo kioo kitapata mvuke. Ukirudi kutoka ufukweni, pulizia mchanga utoke kwanza, ndipo ufute mwili wa kamera kwa kitambaa laini kilicholoweshwa maji baridi yasiyo na chumvi na kukamuliwa sana, kisha kikavu. Usibadilishe lenzi penye upepo wa kusi. Usiifungie kabatini miezi ya masika, ukungu unapenda lenzi isiyotumika. Ihifadhi kwenye kopo la plastiki linalofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya.

Zile picha mia nne za kila wiki ulizonazo usizifute bado. Zitazame upya baada ya mwezi, ukiwa umesahau ulivyohisi siku ile. Kuna ulizozidharau zitakusimamisha.

Na sasa ukweli ulioniomba, kuhusu picha tatu. Ya kwanza, mashua na jua, imepangwa vizuri, na nimeiona mara elfu. Ya pili, Sanamu ya Askari pale Samora, umeikata miguu na umeacha mbingu nyingi isiyo na kazi. Rudi ukapige watu wanaomzunguka, yule amesimama pale tangu mwaka 1927, anaweza kungoja.

Ya tatu sijaiacha tangu juzi. Mzee amechutama chini ya ubavu wa dau lililoegeshwa juu ya magogo, anatia kalafati, yaani anaziba maungio ya mbao yasipitishe maji. Uso umekuwa mweusi kwa yale niliyokueleza, umesimama mbali kwa hatua sita hivi, na umepiga kwa kuogopa, naona fremu imeinama. Lakini umeona. Kuna uzi wa pamba uliolowa mafuta umening'inia kutoka kwenye ungio la mbao, na kidole gumba cha mkono wa kushoto kinausindika ndani huku mkono wa kulia umeinua nyundo. Kile kidole kimepinda kwa kazi hiyo ya miaka mingi. Picha yako iko pale, ni ndogo kama kisanduku cha kiberiti kwenye kona ya chini, na inakungoja uisogelee.

Isafishe hii hivihivi ilivyo, umpelekee. Usiombe kitu siku hiyo. Kaa naye, muulize chombo ni cha nani, mbao ni za mti gani, na kinashushwa majini lini. Nina hakika atakutajia bamvua, kwa sababu chombo kizito kama kile hungojewa maji makubwa yakifuate kilipo. Maji yatajaa mnamo saa kumi alasiri, watu watakuja kusukuma, na hadi dau lielee mwanga utakuwa umeanza kulala upande wa mji. Kivuko cha saa nane kinakutosha kama utakuwa mjini. Solotepu ibaki kwenye 35.